Rodi yako na majirani zake: nini upande pembeni ya rododendroni, na nini usithubutu

Kila Aprili simu yangu haitulii. "Kaka, lile liua kubwa la mbele limechanua limependeza kweli, ila pale chini pamebaki udongo mtupu, nipande nini?" Mwingine anatuma picha tu bila hata salamu. Shangazi mmoja wa Tacoma yeye kashapanda lavenda kabisa ndo anauliza kama amekosea (umekosea shangazi, ila tutarekebisha). Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika lote mara moja, kwa ajili yako wewe uliyehamia huku jimbo la Washington au hata kule chini Portland, ukakuta uwanjani kuna kichaka kizee cha majani mazito yanayong'aa, mwaka mzima kimenyamaza halafu siku moja kinalipuka maua ya pinki hadi wapita njia wanasimama.

Hilo ndo rododendroni, wenyeji wanafupisha wanaita rodi na mimi nitaita hivo hivo. Usilichukulie poa, la kienyeji la huku ndilo ua la jimbo. Wanawake wa Washington walilipigia kura mwaka 1892 ili lipelekwe kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893, na bunge likaja kulipitisha rasmi 1959. Historia imetosha.

Kabla hujaenda dukani jua hili moja: jirani wa rodi unamchagua kwa mizizi yake, ua lake utaliangalia baadaye. Rodi haina mzizi mrefu unaozama. Mizizi yake ni nyuzi nyuzi nyembamba zimesukana kama makumbi ya nazi, zote zimekaa juu juu, nyingi ndani ya inchi 12 za kwanza. Ukiweka pembeni yake mmea unaotaka kupaliliwa, kuchimbwa, kuhamishwa kila msimu, umeichana rodi mizizi bila kujua.

Nimelijua hili kwa machungu. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea mwezi wa tano, mchapakazi balaa, siku ya tatu tu keshaona pale chini ya rodi "pachafu", akaomba jembe. Jembe hakuna, akachukua koleo. Nilivyorudi kazini nikakuta kapalilia pale mpaka pamelainika kama unga, kainulia na udongo kwenye shina vizuri kabisa kama mahindi, na pembeni kashatia mbegu za figiri. Ningemwambia nini? Nikasema asante mama. Mwezi wa nane majani yote yakawa yananing'inia kama masikio ya mbuzi, na ikachukua miaka miwili kurudi hali yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kipimo cha pH, yaani cha asidi ya udongo, kile cha kuchanganya udongo na maji na dawa ya unga uone rangi. Vile vya kuchomeka vijiti viwili ardhini vya bei rahisi mimi sivitegemei. Au peleka udongo maabara.
- Koleo ndogo ya mkono. Koleo kubwa iache stoo, na ukiwa na mgeni mchapakazi ifungie.
- Matandazo: magome ya miti yaliyosagwa, au majani ya msonobari, toroli mbili tatu.
- Mboji kidogo iliyooza vizuri.
- Mpira wa maji unaofika.
- Miche midogo. Narudia, midogo, chungu cha inchi 4 kinatosha. Mche mkubwa unataka shimo kubwa na shimo kubwa ndo kesi yenyewe.

Wakati mzuri ni Oktoba, mvua zinaanza na udongo bado una joto. Ukikosa hapo basi Machi. Julai usijaribu, huku kiangazi mvua ni chache sana na mche mpya utakufa ukiuangalia.

Hatua

1. Iangalie rodi kwanza. Wiki nzima usinunue kitu. Angalia jua linafika pale asubuhi au mchana, andika. Andika inachanua lini, maana nyingine Machi, nyingi Aprili na Mei, na zipo zinazosubiri hadi Juni. Halafu angalia matawi ya chini: kama yanagusa ardhi pande zote, basi kazi imeisha, rodi imeshajitanda kanga yake yenyewe, chini hapahitaji mmea, weka matandazo na upande majirani kwa nje tu. Watu wengi hawataki kusikia hili. Wakiona udongo wanaona ni lazima waujaze.

2. Pima pH. Rodi inataka udongo wa asidi, kati ya 4.5 na 6. Kama umekulia Mufindi, Lushoto au Kericho hesabu ni rahisi sana, ni udongo wa chai: wenye asidi, unaopata mvua nyingi, lakini maji hayatuami. Huku magharibi mwa Washington mvua imeshaufanya udongo uwe na asidi tayari, kwa hiyo mara nyingi utakuta uko sawa. Pima sehemu mbili, moja karibu na rodi na nyingine karibu na ukuta wa nyumba, kwa sababu zege la msingi linatoa chokaa pole pole na unaweza kukuta tofauti ndani ya hatua tatu tu.

*Angalizo:* huku watu wana mtindo wa kumwaga chokaa kwenye nyasi kila mwaka ili kale kazulia ka kijani (moss) kasitambae. Mvua inaisukuma hadi kwa rodi. Kama nyasi zako zinapakana na rodi acha kama futi 6 bila chokaa, na kama unamlipa mtu akutunzie nyasi mwambie kwa mdomo, usidhani anajua.

3. Jaribu maji. Nje ya mwavuli wa matawi chimba kashimo ka futi moja, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Ya mara ya pili yakiwa bado yamekaa kesho yake asubuhi, hapo pana tope la mfinyanzi, usipande kitu chini, inua kitanda kwa mboji na magome kwanza. Rodi na jamaa zake wote mizizi inaoza wakisimama kwenye maji.

4. Tafuta mizizi inapoishia. Hii watu wanairuka na ndiyo muhimu kuliko zote. Piga magoti, anza futi kama tatu kutoka kwenye shina, sogeza majani makavu kwa vidole. Utaziona nyuzi za kahawia, ukizivuta kidogo zinakuja na udongo kama kipande cha zulia. Rudi nyuma, gusa tena, rudi, gusa, mpaka ufike mahali vidole vinaingia kwenye udongo laini bila kukuta zulia. Weka kijiti. Zunguka hivo, weka vijiti pande zote. Ndani ya vijiti ni kwa rodi peke yake na vimimea vidogo sana vya juu juu. Vichaka vyote vinakaa nje ya vijiti.

5. Chagua majirani. Fikiria nyumba ya ghorofa, kuna wa juu, wa kati na wa chini.

Wa juu ni mti wa kutoa kivuli chepesi, yaani jua linapenya penya kama kwenye mkeka uliochakaa. Mwaloni na msonobari wanafaa kwa sababu mizizi yao inakwenda chini zaidi. Kwenye uwanja mdogo weka mepo (maple) ya Kijapani, au ile mepo ndogo ya porini ya huku, kwenye kibandiko itaandikwa Acer circinatum, Oktoba inageuka nyekundu na rodi ikiwa kijani nyuma yake, jamani, ni raha. Kama mti mkubwa upo tayari usiongeze mwingine.

Wa kati ndo utamu ulipo. Anza na ukoo wa rodi mwenyewe maana wanakula sahani moja. Azalea ni rodi tu, ndugu wa damu. Pieris anatoa vishada vyeupe mapema na machipukizi mekundu. Salali, Gaultheria shallon, ni wa porini hapa hapa na akishazoea hakusumbui, ila anatambaa, mpe nafasi. Na bluberi! Bluberi ni ukoo huo huo, wanataka asidi ile ile, na unavuna. Wape upande wa jua lakini, kwenye kivuli watakupa majani tu. Ukoo huu hata kwetu upo, ukipanda Kilimanjaro ukitoka msituni unaingia kwenye ukanda wa Erica, yale magugu marefu ya majani kama sindano, basi Erica wafupi wa aina nyingine wanauzwa huku na baadhi wanachanua katikati ya baridi wakati uwanja wote umelala. Wanapenda jua, wapange mstari wa mbele.

Nje ya ukoo, kamelia. Huyu ni ndugu wa chai kabisa, chai yetu ya majani ni Camellia sinensis, hivyo usishangae kwamba anapenda udongo huo huo. Anachanua kabla ya rodi nyingi, akimaliza yeye rodi inapokea kijiti. Haidrenjia naye anafuata Julai rodi ikiwa imeshamaliza, na kwenye asidi zile aina za pinki na bluu zinakuwa bluu, lakini ana kiu sana kwa hiyo umweke mbali kidogo usije ukawa unamwagilia yeye na kuizamisha rodi.

Wa chini, kwenye kivuli: kangaga. Ile kangaga ya huku ya majani marefu kama mapanga, Polystichum munitum, ndo rafiki wa kweli wa rodi, utaikuta nayo hata msituni, hailiwi ovyo, haiombi mbolea. Nikiruhusiwa kukupa mmea mmoja tu nakupa huu. Wengine ni hosta wa majani mapana, Epimedium anayestahimili hata kivuli kikavu, Cyclamen hederifolium mdogo anayechanua vuli inapoanza, na vitunguu vya maua kama krokasi na daffodili ndogo. Vitunguu hivi ni vizuri kwa sababu unavizika mara moja, kwa nje ya vijiti, na huvichimbui tena.

6. Wakataze hawa. Lavenda na rozmari wanataka jua kali, ukame na udongo usio na asidi, yaani kinyume cha kila kitu. Lailaki hivyo hivyo. Mjozi mweusi, ule mti wa jozi, unatoa sumu kwenye udongo na rodi haiwezi kuivumilia, kama jirani yako wa pembeni anao basi panda mbali na matawi yake. Mepo kubwa zenye mizizi ya juu zitakunywa maji yote. Aivi usiiguse hata ukipewa bure, inatambaa juu ya kila kitu na iko kwenye orodha ya magugu mabaya ya jimbo.

Na mboga. Najua, najua. Figiri, sukuma wiki, mchicha, matembele, zote hizo zinataka jua, zinataka kuchimbwa, na kabeji na sukuma ndo kabisa wanapenda chokaa. Usipande chini ya rodi hata kama ndo nafasi pekee unayoiona ukiwa jikoni.

*Angalizo la sumu:* rodi yenyewe ni sumu, majani, maua, hata asali ya nyuki walioinywa kwa wingi inalewesha watu, kule Uturuki pwani ya Bahari Nyeusi inajulikana tangu zamani. Kama unafuga mbuzi huku mashambani weka uzio, mbuzi akila majani yake unaweza kumpoteza. Mbwa pia. Ukipanda bluberi pembeni na una watoto wadogo waonyeshe kabisa kipi kinaliwa kipi hakiliwi, na vijiti vya rodi usichomee mishikaki.

7. Panga rangi na zamu. Hapa sina mengi. Kama rodi ni pinki iliyokolea usiweke azalea ya rangi ya chungwa ikachanua wiki ile ile, macho yatauma. Weka nyeupe au majani matupu katikati. Ukishindwa kuamua, nenda mwezi wa tano Federal Way kwenye bustani ya rododendroni, wana zaidi ya spishi 700 pale, tembea na simu upige picha za kilichopandwa chini yake. Seattle kuna njia ya Azalea Way ndani ya bustani ya miti, Arboretum, na Portland kuna bustani ya Crystal Springs. Utakachokiona pale kimeota miaka, siyo picha ya kwenye kibandiko.

8. Panda. Siku moja kabla mwagilia. Tengeneza kashimo kwa koleo ya mkono, ukikutana na mzizi mnene kama kalamu usiukate, ziba shimo sogea. Mche ukiutoa kwenye chungu na mizizi imezunguka kama chapati iliyokunjwa, ifumue kwa vidole. Uweke usawa ule ule uliokuwa kwenye chungu, na kama ni rodi au azalea mpya iweke juu kidogo kuliko ardhi, kama inchi moja. Kuzika chini sana ndo kosa linaloua rodi nyingi kuliko wadudu. Mimea mitatu mitatu ya aina moja inapendeza kuliko kila aina moja moja, hiyo inakuwa kama soko la mitumba.

9. Tandaza na mwagilia. Inchi 2 hadi 3 za magome, na usilifikie shina, acha nafasi ya kiganja. Ile milima ya magome unayoiona imerundikwa kwenye mashina huko mitaani ni makosa, shina linaoza. Kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi ya kuzama, siyo kunyunyiza kila jioni kama unatuliza vumbi. Baada ya hapo angalia kwa kidole, chini ya matandazo pakiwa pakavu mwagilia.

Mambo yakienda kombo

*Majani ya njano lakini mishipa imebaki kijani.* Pima pH, itakuwa imepanda, chokaa ya nyasi au zege. Tumia salfa ya kawaida kidogo kidogo kwa kufuata pakiti, ukiharakisha unaunguza. Ile alumini salfeti ambayo watu wanawekea haidrenjia ziwe bluu usiilete karibu na rodi, inaidhuru.

*Majani yananing'inia Agosti.* Gusa udongo. Mkavu: ni kiu, majirani wanakunywa kuliko yeye, mwagilia na punguza mmoja. Umelowa na bado yananing'inia: mizizi inaoza, acha maji kabisa, sogeza matandazo pakauke. Hii ya pili mara nyingi hairudi.

*Majani yamejikunja kama sigara Januari.* Usinipigie. Ni baridi tu, ikipoa hivyo inajikunja, joto likirudi yanafunguka.

*Pembeni ya majani kumekatwa nusu duara kama tiketi ya daladala.* Ni mdudu wa usiku, toka na tochi saa nne usiku utamkuta, kadudu keusi, kaokote kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Watoto wake wanakula mizizi chini na wanampenda sana Heuchera, kwa hiyo kama una tatizo hili usipande Heuchera pale hata awe mzuri vipi.

*Majani yana vidoa vyeupe vyeupe na chini yake kuna madoa meusi.* Vidudu vya azalea, vinapenda mmea uliopigwa na jua sana. Puliza maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kila siku chache, na fikiria kivuli.

*Haichanui.* Ulipogoa lini? Rodi inaweka matumba ya mwakani wakati wa kiangazi, ukikata Oktoba umekata maua. Pogoa mara tu inapomaliza kuchanua. Kama hukupogoa basi ni kivuli kizito au mbolea ya nyasi imeifikia.

*Hosta zimeliwa zote usiku mmoja.* Majani yakiwa na matundu ni konokono uchi. Zikikatwa mpaka kishina ni kulungu, weka kangaga badala yake, kulungu hamsumbui sana.

*"Sasa kaka, figiri zangu nizipande wapi?"* Kitanda cha juu cha mbao, upande wa jua, futi 10 kutoka kwa rodi au zaidi. Chokaa yake ibaki humo humo. Mama mkwe anarudi Mei na chake nimeshakitengeneza, futi nne kwa nane, na koleo lake nimelisimamisha pale pale pembeni.